Mwenye Shahada ya Historia na Njia za Riziki: Uchambuzi kutoka Benaco

Mzazi aliyeuza kahawa na ndizi za misimu kadhaa ili mwanawe apate kusoma chuo kikuu ana haki ya kuuliza elimu ile itamlisha vipi mtoto wake, na aghalabu swali hilo hujibiwa kwa wepesi elimu ikiwa ni ya utabibu, uhandisi au uhasibu, kwa kuwa hapana mtu asiyepata kumwona tabibu, mhandisi au mhasibu akiwa kazini. Lakini elimu ikiwa ni historia, jibu la watu wengi huwa moja tu, nalo ni kwamba atakwenda kufundisha, na akikosa nafasi ya kufundisha basi miaka yake mitatu imekwenda bure. Makusudio ya makala hii ni kulipima jibu hilo kwa insafu, bila ya kulidharau wala kulikubali kabla ya wakati wake, kwa kuutazama uwanja mzima wa kazi ambazo mwenye shahada ya historia anaweza kuzifanya, na kuutazama kutoka mahali panapojulikana, yaani Benaco, ambapo historia imepita kwa kishindo na ambapo vijana waliosoma hawakosi.

Benaco ni mji mdogo wa njia panda katika kata ya Kasulo, wilaya ya Ngara, mkoani Kagera, nao ulipata jina lake kwa kampuni ya ujenzi ya Kitaliani iliyoweka kambi hapo zama za kujenga barabara. Njia kuu itokayo Lusahunga na Nyakahura katika wilaya ya Biharamulo hufika hapo, ikakutana na ile itokayo Kyaka na Bugene, kisha ikateremka hata daraja la Rusumo juu ya mto Kagera, na ng'ambo ya daraja ni Rwanda. Jioni malori yenye mizigo ya bandari ya Dar es Salaam husimama safu kwa safu kando ya njia, yakiwa na namba za Tanzania, Rwanda, Burundi na Kongo, na madereva wakaketi kwa mama lishe. Na katika vibanda vya kutuma na kupokea fedha kwa simu, na juu ya viti vya bodaboda, na nyuma ya meza za maduka ya vipuri, huwezi kukosa kijana ambaye cheti chake cha chuo kikuu kimelala kabatini ndani ya bahasha.

Mji huu ulijulikana ulimwenguni mwaka 1994. Tarehe 28 na 29 Aprili ya mwaka huo, kwa muda wa saa 24 hivi, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo, na katika majuma machache Benaco ikawa mojawapo ya kambi kubwa kabisa za wakimbizi duniani. Kambi za Lumasi, Musuhura na nyinginezo zikafuata, mpaka Desemba 1996 Serikali ya Tanzania pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi walipotangaza kwamba wakimbizi wa Rwanda warejee kwao kabla ya mwaka kwisha. Miaka 100 kabla ya mkimbio ule, mwezi wa Mei 1894, Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alipita kwenye maporomoko hayo hayo ya Rusumo akiingia Rwanda. Na baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza na Wabelgiji walipogawana nchi kwa mapatano ya Milner na Orts ya mwaka 1919, Bugufi, nchi ya Wahangaza iliyokuwa na mafungamano ya kale na ufalme wa Burundi, ikabaki upande wa Tanganyika. Mahali palipopitiwa na mambo mazito kiasi hiki hapawezi kukosa kazi ya mwanahistoria. Kinachoweza kukosekana ni macho ya kuiona kazi hiyo na mkono wa kuilipa.

Kabla ya kuzihesabu kazi yafaa tuijue bidhaa yenyewe, yaani shahada hiyo humpa mtu nini. Wengi hudhani kwamba aliyesoma historia, tangu tahasusi za sanaa za kidato cha tano, yaani HGL, HKL na HGK, mpaka chuo kikuu, amejaza kichwa chake majina ya wafalme na tarehe za vita, na kwa kuwa tarehe hupatikana katika kitabu chochote na sasa katika kila simu, huona kwamba maarifa yake hayana soko. Dhana hiyo ina makosa. Mwanafunzi wa historia aliyefunzwa vyema hufunzwa kupima ushahidi: auchukue waraka aulize umeandikwa na nani, lini, kwa ajili ya nani na kwa kuficha jambo gani, amsikilize mzee na kutenga aliyoyaona kwa macho yake na aliyosimuliwa na wengine, aziweke pamoja habari mbili zinazopingana na kueleza kwa nini zinapingana, na mwisho aandike hoja ambayo msomaji asiyemjua ataweza kuifuata na kuihakiki. Jan Vansina, Mbelgiji aliyefanya utafiti katika nchi hizi za maziwa makuu, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1961 kwamba masimulizi ya mdomo yana kanuni za kupimwa kama ulivyo waraka. Na mwaka 1968 na 1969 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kusini mwa Tanzania kukusanya ushuhuda wa wazee juu ya vita vya Maji Maji, kazi iliyothibitisha kwamba ujuzi huo unaweza kutumiwa na kijana ambaye bado hajahitimu.

Kwa mfano, tuchukue shauri la ardhi la namna inayoweza kufika mbele ya baraza lolote la kata katika upande huu wa Kagera. Watu wawili wanadai shamba moja: wa kwanza asema baba yake alilima hapo kabla ya wakimbizi, wa pili asema alipewa na kijiji baada ya wakimbizi kuondoka, na hakuna hata mmoja mwenye hati. Asiyefunzwa atauliza nani ana mashahidi wengi. Aliyefunzwa ataanza kwa kuuliza wakimbizi gani wanaotajwa, kwa maana Ngara imepokea Watutsi wa Rwanda waliopewa makazi Muyenzi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na Warundi wa mwaka 1972, na Warundi wengine wa Oktoba 1993, na Wanyarwanda wa mwaka 1994, na neno moja la shahidi laweza kumaanisha nyakati zilizoachana kwa zaidi ya miaka 30. Kisha atauliza shahidi alikuwa na umri gani wakati huo na alikaa upande gani wa bonde. Migomba na mibuni iliyomo shambani ina umri gani. Muhtasari wa mkutano wa kijiji wa mwaka ule umo katika daftari lipi na nani alilitunza. Na ramani za mashirika yaliyopanga kambi zaonyesha nini mahali pale. Maswali hayo yote ni kazi ya historia, na yakiulizwa barabara huweza kuziepusha koo mbili na uadui wa kizazi kizima.

Sasa tuziangalie njia zenyewe, na ya kwanza ni ualimu, ambao ni mlango mpana kuliko mingine na wenye heshima ya zamani. Mwalimu Julius Nyerere aliporudi kutoka Edinburgh mwaka 1952 alifundisha katika shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, na historia ilikuwa miongoni mwa masomo yake, mpaka alipojiuzulu mwaka 1955 ili aitumikie siasa. Kupanuka kwa shule za sekondari za kata, na kuondolewa kwa ada tangu mwaka 2016, kumeongeza wanafunzi kwa wingi, na mtaala mpya ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 umeliingiza somo la Historia ya Tanzania na Maadili, ambalo linahitaji walimu wanaoijua nchi yao kwa undani kuliko muhtasari wa kitabu. Hata hivyo mlango huu una foleni ndefu. Mwenye shahada ya historia tupu, isiyochanganywa na elimu ya ualimu, hutakiwa asome kwanza Stashahada ya Uzamili katika Elimu, ambayo Chuo Kikuu Huria na vyuo vinginevyo huitoa. Na hata aliyekamilika huona kwamba matangazo ya ajira huwatanguliza walimu wa sayansi na hisabati, huku wa masomo ya sanaa wakifanya usaili kwa wingi kugombea nafasi chache. Shule za binafsi na za madhehebu ya dini hupunguza foleni hiyo bila ya kuimaliza. Jibu la watu wengi tulilolitaja mwanzo, kwa hiyo, lina ukweli nusu: ualimu ni kazi ya mwanahistoria, lakini yeyote auonaye kuwa ndiyo kazi yake pekee amejihukumu kungoja.

Njia ya pili ni utunzaji wa nyaraka na kumbukumbu, nayo kwa rai yangu ndiyo iliyo karibu zaidi na elimu yenyewe na ndiyo iliyopuuzwa zaidi. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, inayofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2002, hutunza majalada ya utawala wa Wajerumani na Waingereza, na Zanzibar ina nyumba yake ya nyaraka huko Kilimani yenye hazina kubwa ya maandishi ya Kiarabu na Kiingereza. Lakini mbali na nyumba hizo kubwa, kila wizara, kila halmashauri, kila hospitali na kila mahakama ina masjala, na masjala nyingi zimo katika mageuzi ya kutoka jalada la karatasi kwenda mfumo wa kompyuta, jambo linalotaka watu wanaojua ni waraka gani una thamani ya kudumu na upi waweza kuteketezwa bila ya hasara. Fundi wa kompyuta ataweza kuupiga picha kila ukurasa; kuamua kwamba daftari kuukuu la mgao wa mashamba ya kijiji lina thamani kupita ripoti kumi zenye majalada ya kung'aa, hilo ni la mtu anayejua namna vizazi vijavyo vitakavyouliza. Chuo cha Utumishi wa Umma hufundisha utunzaji wa kumbukumbu, na mwenye shahada ya historia akiongeza mafunzo hayo, hata ya muda mfupi, huwa na silaha mbili ambazo ni nadra kukutana katika mkono mmoja.

Kwa watu wa Ngara jambo hili lina mfano mkubwa ulio mkoa wa Arusha. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyoundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwa azimio namba 955 la Novemba 1994 na kufungwa mwisho wa mwaka 2015, iliacha nyuma yake maelfu kwa maelfu ya kurasa za ushahidi, kanda za sauti na za picha, ambazo hutunzwa Arusha na chombo kilichorithi shughuli zake. Miongoni mwa waliohukumiwa na mahakama hiyo alikuwamo Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa mkuu wa komuni ya Rusumo, upande wa pili wa daraja hili, akakimbilia Tanzania, akakamatwa mwaka 2001, na hukumu yake ya rufani ya mwaka 2006 ikawa kifungo cha maisha. Na miongoni mwa mashahidi wataalamu waliosikilizwa mara nyingi alikuwamo Mmarekani Alison Des Forges, ambaye utafiti wake wa uzamivu ulihusu ikulu ya mfalme Musinga wa Rwanda, elimu ambayo mtu mwenye haraka angaliiita ya anasa isiyo na manufaa. Kumbe elimu hiyo ndiyo iliyomwezesha, baada ya mauaji ya kimbari, kuandika na kueleza mbele ya majaji jinsi amri zilivyotolewa, zilivyoshuka na zilivyotekelezwa. Alifariki mwaka 2009 kwa ajali ya ndege akiwa bado katika kazi hiyo.

Mfano wa Kenya nao unastahili kutajwa. Wazee waliodai fidia kwa mateso waliyoyapata zama za Mau Mau waliipeleka Serikali ya Uingereza mahakamani London, na wanahistoria David Anderson, Caroline Elkins na Huw Bennett wakatoa ushahidi wa kitaalamu. Mwaka 2011 ikadhihirika kwamba majalada mengi yaliyohamishwa kutoka Kenya yalikuwa yamefichwa huko Hanslope Park, Uingereza, na Juni 2013 Serikali ile ikakubali kuwalipa wadai 5,228, pamoja na gharama za kesi, jumla ya pauni milioni 19.9. Hapo mtu asiseme tena kwamba majalada ya kale ni chakula cha mchwa, kwa sababu wazee waliokuwa hawana kitu walipata haki zao kwa karatasi zilizosomwa na watu waliojua kuzisoma. Mwenye shahada ya historia akiendelea kusoma sheria, kama wengi wanavyofanya kwa shahada ya pili, hukuta kwamba nusu ya sanaa ya wakili anayo tayari. Na asiyetaka uwakili aweza kufaa katika ofisi za msaada wa kisheria, katika mabaraza ya ardhi na katika shughuli za uraia. Mkoani Kagera uraia ni jambo zito: operesheni Kimbunga ya mwaka 2013, iliyokusudia kuwaondoa wahamiaji wasio na vibali, ilionyesha jinsi ilivyo vigumu kumtenga mgeni na mwenyeji mahali ambapo mpaka umevuka watu mara nyingi kama watu walivyouvuka mpaka. Afisa wa uhamiaji aliyesoma habari za Bugufi, za Muyenzi na za mapatano ya 1919 atamhoji mzee wa Kihangaza kwa maarifa na adabu zaidi, na uamuzi wake utakuwa na ithibati.

Njia ya tatu ni malikale, makumbusho na utalii. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Burigi, Biharamulo na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, na mkoa wa Kagera ukapata pia hifadhi za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe, ambayo ina jina la mfalme Rumanyika aliyewapokea Waingereza Speke na Grant mwaka 1861. Biharamulo ina boma la Wajerumani na kumbukumbu za watawala wa Rusubi ambao misafara ya zamani haikuweza kupita bila ya kuwalipa hongo, yaani ushuru wa njia. Na karibu na Bukoba, huko Katuruka, wataalamu wa mambo ya kale walifukua mabaki ya ufuaji wa chuma wa kale sana. Mgeni hulipa ili aone tembo, lakini hukaa siku ya pili akipata mtu wa kumweleza kwa usahihi na kwa mvuto habari za watu walioishi na tembo hao. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefundisha akiolojia kwa shahada tangu mwaka 1985, na Makumbusho ya Taifa, Idara ya Mambo ya Kale, mamlaka za hifadhi na kampuni za watalii zote zina nafasi, ijapokuwa chache, kwa waongozaji, wahifadhi na watafiti. Nyumba ya kumbukumbu ya wakimbizi na ya wenyeji waliowapokea, ikiwekwa kando ya njia hii ambapo wasafiri wa nchi nne husimama kila jioni, ingeajiri vijana wa hapa kwa kazi ambayo hakuna atokaye mbali angeifanya vizuri kuwapita.

Njia ya nne ni utumishi katika mashirika ya misaada na katika vyombo vya habari. Kijana wa Ngara aliyelelewa kwa Kihangaza au Kishubi husikilizana na Mrundi na Mnyarwanda, naye akiongeza Kiswahili fasaha, Kiingereza cha kuandikia na elimu ya historia ya nchi hizi tatu, huwa mtu wa kutafutwa na mashirika yanayohudumia wakimbizi, kama yale yaliyofanya kazi katika kambi za Nyarugusu na Nduta mkoani Kigoma baada ya Warundi kukimbia mwaka 2015. Kwa maana kuandika maelezo ya mkimbizi bila ya kumwekea maneno kinywani ni ule ule ujuzi wa kusikiliza ushuhuda tuliousema. Redio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, ilionyesha kwamba hata mji mdogo wa mpakani waweza kuwa na chombo cha habari chenye kusikika nchi jirani, na mwandishi wa habari anayejua chanzo cha ugomvi hataupuliza moto kwa kutojua.

Njia ya tano ni Serikali na ubalozi. Utawala wa mikoa na wilaya huhitaji maafisa tarafa, maafisa utamaduni na maafisa maendeleo ya jamii, na ingawa matangazo mengi hutaja elimu ya jamii au utawala kwanza, mwanahistoria aliyeongeza stashahada ya utawala hushindana bila ya kuona haya. Chuo cha Diplomasia cha Kurasini, kilichoanzishwa mwaka 1978 na sasa chenye jina la Dkt. Salim Ahmed Salim, hupokea waliosoma historia na kuwafunza uhusiano wa kimataifa. Na kwa nchi ambayo mkoa wake mmoja hupakana na Uganda, Rwanda na Burundi, mwanadiplomasia asiyejua historia ya mipaka hiyo ni kama nahodha asiyejua miamba.

Njia ya sita watu hawaitazamii, nayo ni kampuni na miradi mikubwa. Ngara ina mradi wa nikeli wa Kabanga, ambamo Serikali ina hisa ya asilimia 16 kupitia kampuni ya Tembo Nickel, na pana mradi wa umeme wa Rusumo wa megawati 80 wanaogawana Tanzania, Rwanda na Burundi. Mradi wa namna hiyo hauanzi kwa tingatinga. Huanza kwa tathmini ya athari kwa mazingira na jamii, ambapo hutakiwa ijulikane makaburi yako wapi, mahali pa matambiko ni wapi, ukoo gani ulihamia lini na kwa ruhusa ya nani, na fidia imfikie anayestahiki. Kazi ya afisa uhusiano na jamii, ya mtafiti wa malikale na ya mwandishi wa ripoti ni kazi zenye malipo mazuri, na mara nyingi hupewa watu wa mbali kwa sababu tu wa karibu hawakujua kwamba elimu yao inahusika.

Ya mwisho ni njia ya mtu kujiajiri kwa kalamu na utafiti. Israel Katoke alipotoa kitabu chake juu ya ufalme wa Karagwe mwaka 1975, na Isaria Kimambo na Arnold Temu walipohariri historia ya Tanzania mwaka 1969, walithibitisha kwamba mwenyeji aweza kuiandika nchi yake kwa vipimo vya elimu ya juu kabisa. Lakini sehemu kubwa ya vitabu na ripoti juu ya Benaco ya mwaka 1994 iliandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa na watu waliokaa hapa kwa miezi. Mwanakijiji aliyepoteza msitu wake kwa kuni za kambi, akagawana maji yake na wageni, hakuandika. Vitabu vya shule, tarihi za parokia, za koo na za vyama vya ushirika, makala za magazeti, filamu za kumbukumbu na utafiti kwa niaba ya vyuo vya nje, hizo zote ni kazi za kulipwa, ijapokuwa malipo yake huja kwa vipindi na hayamfai mtu asiyekuwa na subira wala shughuli nyingine ya kumshikilia.

Haki yataka tuseme na magumu. Nafasi katika nyumba za nyaraka na makumbusho ni chache. Usaili wa utumishi wa umma hukutanisha wengi kwa nafasi moja. Miradi huja na kwenda. Na kijana aliyesomeshwa kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu hukatwa asilimia 15 ya mshahara atakapoajiriwa, na asipoajiriwa deni humngoja. Hapana faida kumdanganya kwamba shahada yenyewe peke yake itamfungulia njia hizi saba. Ukizitazama moja moja utaona kwamba kila mojawapo imeitaka historia pamoja na kitu cha pili: ualimu umetaka stashahada ya elimu, nyaraka zimetaka ufundi wa masjala na kompyuta, mahakama imetaka sheria, utalii umetaka lugha, miradi imetaka takwimu na uandishi wa ripoti. Hapo ndipo ilipo siri ya jambo zima. Historia ni elimu inayoongeza thamani ya elimu nyingine, na aliyeisoma akangoja bila ya kuiongezea kitu amekaa na mtaji asioufanyia biashara.

Kwa hiyo mwanafunzi aliye chuoni leo asingoje mwaka wa mwisho ili aanze kujiuliza. Katika mwaka wa pili achague ujuzi wake wa pili, aende mafunzo kwa vitendo katika masjala ya halmashauri yake, katika redio au katika baraza la ardhi, na utafiti wake wa mwisho aufanye nyumbani kwao, kwa sababu kazi iliyofanywa vyema juu ya Kasulo au Nyakahura ni barua ya kujitambulisha yenye nguvu kuliko alama za mtihani. Vyuo vikuu navyo virudie yale yaliyofanywa kwa Maji Maji, viwatume wanafunzi Ngara na Biharamulo wakakusanye ushuhuda wa miaka ya wakimbizi. Halmashauri za wilaya, ambazo hulipa mawakili katika kesi za mipaka na ardhi, zione kwamba mwanahistoria mmoja katika masjala huokoa gharama hizo kabla hazijatokea.

Mtu aliyekuwa na umri wa miaka 40 alipoyaona malaki yakivuka Rusumo mwaka 1994 amekwisha kupita 70 sasa, na kila mwaka wapo wanaozikwa na waliyoyaona. Basi enyi vijana mliosoma historia katika wilaya hizi mbili, itoeni shahada yenu katika bahasha, mkanunue daftari, mkaanze na wazee walio jirani nanyi. Na ninyi mlio na madaraka ya kuajiri, wakija kwenu na daftari hilo limejaa, wapokeeni na kuwalipa kama mnavyomlipa fundi mwingine yeyote.